Kushoto Juu ya Kulia

Jumamosi moja ya Agosti, saa nne asubuhi, Sayoko Inaba alikuwa akichagua figili za kusindikwa katika soko la Nishiki. Watu walibanana hata kukunja mwavuli ilikuwa kazi. Akahisi anatazamwa. Kutazamwa alikuzoea, maana mwanamke wa kimono mjini Kyoto hufuatwa na wageni wenye kamera mpaka mlangoni kwake, kama bidhaa iliyoanguka kutoka dukani. Lakini huyu hakuwa na kamera. Alikuwa kijana mrefu, shati limekunjamana, ameegemea nguzo ya duka la mayai na daftari mkononi. Macho yake yalitoka kwenye mikono ya Sayoko, yakaenda kwenye karatasi, yakarudi.

Sayoko alimwendea moja kwa moja.

"Futa."

"Nifute nini?"

"Hiyo picha yangu. Sasa hivi."

"Hii kalamu ni ya wino, dada. Haifutiki."

"Basi ichane."

"Iangalie kwanza. Ukiichukia, nitaichana na nitaitafuna hapa hapa."

Aliitazama. Uso wake haukuwemo hata kidogo. Kulikuwa na mkono tu, ule wa kulia, unaoingia kwenye pipa la figili, huku wa kushoto ukizuia mkono wa kimono usilowe. Ulichorwa vizuri mno, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Kidole gumba umekosea," alisema. "Mcheza ngoma haonyeshi kidole gumba. Anakificha ndani ya kiganja."

Yule kijana alijipiga paji la uso. "Ndiyo maana! Mwezi mzima nasimama hapa, mikono yote inatoka kama ya mama lishe."

"Mwezi mzima? Wewe ni mwizi au ni kichaa?"

"Ni mchoraji. Tomoharu Segawa. Nachora gemu."

Akamtajia gemu yenyewe, ile ambayo watoto huzunguka nchi nzima wakikamata viumbe, wakiwafuga na kuwapambanisha. Ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano, na kampuni ilitaka toleo jipya lililochorwa kwa mkono kama la kwanza. Yeye kapewa kuwachora upya wale mabinti watano wa jumba la ngoma.

Sayoko aliwajua. Mabinti watano! Katika kila toleo walikuwamo, wamevaa kimono, upepeo mkononi, kila mmoja na kiumbe wake begani, na hakuna mchezaji aliyepita mji wao bila kupambana nao mmoja mmoja. Sayoko alikuwa na miaka tisa, kwao Gifu, alipomwona yule mkubwa kwenye skrini ndogo kama kiberiti. Akamwambia mama yake, nataka kuwa huyu. Ndivyo alivyofika Kyoto. Siri hiyo hakumwambia mtu yeyote, hasa mwalimu wake wa ngoma, Bi Fusae.

"Hawa ukiwaharibu," alimwambia Tomoharu, "nitakutafuta mpaka nikupate."

"Basi nipe namba ya simu, usihangaike kunitafuta."

Akampa. Mwenyewe hakujua kwa nini, na njia nzima alijikasirikia.

*

Bi Fusae alikuwa na miaka themanini na moja, na chumba chake cha ngoma kilikuwa ghorofani, nyuma ya duka la chai. Ukutani palining'inia vibao vya mbao vyenye majina ya wanafunzi waliomjia kwa miaka sitini. Cha Sayoko kilikuwa cha kwanza kulia, mahali pa mrithi. Novemba tarehe ishirini, Bi Fusae angempa jina la ukoo wa ngoma na ufunguo wa chumba. Kwa ajili ya siku hiyo Sayoko alikuwa amechakaza mikeka kwa magoti miaka kumi na minne, na wachumba wawili walishachoka kusubiri wakaenda zao.

"Mchoraji wa gemu?" Bi Fusae aliuliza. "Zile za watoto kubonyezabonyeza?"

"Ndiyo, Mwalimu. Anataka kutazama tu. Ni mtu makini."

"Unamdhamini wewe?"

"Namdhamini."

Tomoharu akaja kila Jumanne, akakaa pembeni akichora. Katika mwezi wa pili wa ziara zake Bi Fusae, ambaye hakuwahi kuruhusu hata picha ya simu, alimwambia afunue ukurasa mpya. Akamchezea ngoma ya kunguru wa theluji, ngoma ambayo hakuna mwingine aliyeijua. "Mpe ngoma hii yule binti mkubwa wa gemu yako," alisema. "Mimi sitakuwepo sana."

Sayoko alilia nje, kwenye ngazi. Tomoharu akampa leso yenye madoa ya wino.

"Unalia mpaka unapendeza," alisema.

"Nyamaza. Nanuka dawa ya mbu."

"Naipenda dawa ya mbu."

Kuanzia hapo wakawa wawili. Walikula tambi za moto mlangoni mwa kituo cha treni, wakigombana nani apate kipande cha mwisho cha tofu. Walitembea kando ya mto Kamo, yeye na kimono yake ya zambarau na mshipi wa rangi ya haradali, Tomoharu na shati lile lile. Asubuhi simu ililia kabla ya chai.

"Umeamka, mpenzi?"

"Ningekuwa sijaamka ningepokea?"

"Nimekuota. Ulikuwa unanigombeza."

"Kwa kosa gani?"

"Hukusema."

"Basi nitalitafuta."

*

Hakulitafuta sana. Novemba tarehe tano, kampuni ilitoa kionjo cha gemu mtandaoni. Sayoko alikitazama chumbani kwa Bi Fusae, simu imeegemezwa kwenye birika, bibi kavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Binti mkubwa alitokea. Alisimama kama Bi Fusae, shingo ile ile, bega lile lile lililoshuka kidogo. Akainua upepeo. Akatembea kwenda kulia, kidole gumba kimefichwa, na Sayoko akasogea karibu zaidi na simu. Kisha binti akageuka, akatembea kwenda kushoto.

Bi Fusae alivua miwani yote miwili.

Upande wa kulia wa kimono ulikuwa juu ya wa kushoto. Hata mtoto wa chekechea anajua: kushoto juu ya kulia, siku zote, mfalme na mchuuzi. Kulia juu ya kushoto huvishwa maiti. Ua la nywele nalo lilikuwa limeruka kutoka sikio hili hadi lile. Walichora upande mmoja, wakauacha mtambo uipindue picha ipate upande wa pili. Na watu laki tatu walikuwa wamekwisha kumtazama Bi Fusae, mzima, akicheza ngoma yake katika nguo za kuzikiwa.

Bibi hakupiga kelele. Aliinuka, akaenda ukutani, akakishika kibao cha Sayoko na kukigeuza. Jina likatazama ukuta.

"Ulisema unamdhamini," alisema, akaingia ndani.

Sayoko alishuka ngazi, akampigia Tomoharu. Simu ililia mara moja tu.

"Sayo! Umeiona? Umeionaje?"

"Nani kaigeuza ile picha?"

"Picha gani?"

"Usinifanye mjinga, Tomoharu! Mwalimu wangu amevaa sanda! Nani kaigeuza?"

Tomoharu akajibu kwa sauti ndogo: "Wote hugeuzwa. Ndivyo inavyofanyika. Muda ulikuwa umekwisha, mkuu wangu akauliza kama upande mmoja unatosha, na mimi..."

"Na wewe?"

"Nilisema unatosha."

"Ulijua?"

"Nilijua kola itapinduka. Nikafikiri hakuna atakayeona. Sayo, ni vidoti vya skrini, mpenzi. Vidoti vinne au vitano tu."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Angesema alisahau, angesema alilala, angesema lolote! Sayoko alisimama katikati ya njia, baiskeli zikimpita huku na huku.

"Alikuchezea ngoma ambayo hajamchezea mtu," alisema. "Mguu wake wa kushoto ulivimba siku tatu. Na wewe ukahesabu vidoti. Usinipigie. Ukiniona Nishiki, vuka upande wa pili."

Akakata. Simu ikalia mara kumi na moja, na kila ilipolia aliitukana.

*

Siku kumi aliendelea kwenda chumbani kufagia mikeka, na siku kumi Bi Fusae alimpita kama kabati. Usimwonee huruma sana. Na yeye alikuwa akiwapita watu hivyo hivyo. Alimgombeza muuza figili kwa chumvi. Mama yake alipopiga kutoka Gifu kuuliza avae nini tarehe ishirini, alimjibu, "Vaa gunia," kisha akampigia tena kuomba radhi, akilia.

Siku ya kumi na moja alitoa kabatini kisanduku cha utotoni. Kile kigemu chake cha zamani bado kilikuwamo. Alikinunulia betri na kukiwasha, akitaka kuona jinsi watu wa zamani walivyofanya kazi yao kwa adabu, ili hasira yake ipate kuni. Alitembea mpaka jumba la ngoma. Binti mkubwa akageuka kulia. Ua la nywele lilikuwa sikio la kushoto. Akageuka kushoto, na ua likaruka.

Alimgeuza tena. Na tena. Kola ilikuwa vidoti viwili, haikuonekana, lakini ua halikudanganya. Walikuwa wamepinduliwa tangu siku ya kwanza! Yule aliyempenda tangu utotoni, aliyemtoa kwao, alikuwa akigeuka kuwa maiti kila akienda kushoto, na yeye hakuona. Sayoko alikirusha kigemu kwenye godoro. Sasa alikuwa na hasira na watu watatu, na mmoja wao alikuwa yeye mwenyewe wa miaka tisa.

*

Tarehe kumi na nane, saa tisa alasiri, alikuwa anafagia ngazi aliposikia hatua. Tomoharu alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, kinyozi kampitia vibaya, furushi la karatasi kifuani. Na alikuwa amevaa kimono. Kimono nyeusi ya kuombea radhi, ya kuazima, mikono inaishia juu ya vifundo vya mikono yake.

Sayoko alimtazama kifuani na ufagio ukamdondoka.

"Umekuja kututukana tena?"

"Nimekuja kuomba..."

"Jitazame!"

Akajitazama. Kulia juu ya kushoto. Uso wote ukamwiva.

"Nani kakuvisha?"

"Mimi. Niliweka mchoro wangu kando ya kioo, nikajifunga mpaka nikafanana nao." Alisita. "Loo. Kioo."

"Siku kumi na tatu unachora kola, na kola yako mwenyewe imekushinda?"

"Nimechora picha mia moja na sitini, Sayo. Mabinti wote watano, upande wa kushoto, mmoja mmoja kwa mkono. Nilimwambia mkuu wangu asipozipokea aliondoe jina langu na mimi niondoke nalo. Kazipokea. Kionjo wamekiondoa mtandaoni. Nikifunga macho naona kola."

Ilimtoka Sayoko sauti ambayo hakuitaka, nusu kicheko, nusu kwikwi. Alimsukuma ukutani, akaufungua mshipi wake kwa kuvuta mara mbili, akaushika ukosi wa kushoto na kuupitisha juu ya wa kulia. Mikono yake haikuwa na upole hata kidogo.

"Unanikaba."

"Nakukaba kweli. Wewe si wa kuchukiwa kidogo kidogo."

"Nilikosa. Nilijua, nikafanya. Sina kisingizio."

"Hayo kamwambie mwenyewe."

Bi Fusae aliwapokea ameketi, mgongo umenyooka. Tomoharu alipiga paji la uso kwenye mkeka, akarudia maneno yale yale bila kuyapamba. Bibi alivaa miwani yake miwili, akafunua karatasi moja baada ya nyingine. Chai ilipoa. Alipofika katikati alisimamisha kidole.

"Huyu binti wa tatu. Kidole gumba."

"Nitamrudia leo hii, Mwalimu."

"Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka sitini nikicheza kinyume, ili wanifuate kama kioo. Mkono wa kulia naufanya wa kushoto. Lakini nguo, kijana, sikuigeuza hata siku moja." Akamgeukia Sayoko. "Na wewe, kwa nini umemwingiza tena?"

Sayoko aliinama. Aliona afadhali alipoteze jina akiwa amesema ukweli.

"Kwa sababu nilikuja kwako kwa ajili ya mabinti hao, Mwalimu. Wa kwenye gemu. Nilikuficha. Na juzi nimewatazama. Hata wale wa zamani walipinduliwa. Niliwapenda maiti watano miaka ishirini bila kujua."

Bi Fusae alimkodolea macho. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya akohoe.

"Kumbe maiti ndio walioniletea mrithi."

Aliinuka kwa kushikilia meza, akakataa kusaidiwa. Akaenda ukutani, akakigeuza kibao. "Keshokutwa," alisema, "usichelewe. Na huyo asikae mbele."

*

Nje, Tomoharu alivuta pumzi. "Basi tumesamehewa."

"Mwalimu amekusamehe. Mimi bado."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nina hasira nyingi, nyingine si zako." Alikuwa ametangulia hatua mbili, hakugeuka. "Mwaka mpya utakuja Gifu kuonana na baba. Anaona vizuri kuliko Mwalimu. Utavaa kimono."

"Kuonana na baba? Sayo... mimi bado sijauliza."

"Najua hujauliza. Tukikuachia wewe, utauliza upande mmoja tu."

"Na nani atanivisha?"

"Mimi. Kioo nitakifunika kwa shuka."

Tomoharu alimfuata mpaka mtoni, mkono mmoja ukishikilia ukosi wake kifuani, asije akautingisha ukahama.