Nani Ameshika Ramani ya Ngazi?

Mlinzi alilala kifudifudi chini ya ngazi iliyoporomoka, kofia bado kichwani, funguo za madarasa zimebanwa kiganjani. Inspekta alichutama kando yake, kisha akainua macho kulitazama zege lililopasuka. Nondo zilizochomoza humo zilikuwa nyembamba mno.

"Sajini, pima hizo."

"Milimita kumi, afande."

"Hizo ni za kujengea banda la kuku," alisema Inspekta. "Wiki ijayo ngazi hii ilikuwa ipandwe na watoto wa shule."

Mkandarasi hakubabaika. Alikunjua ramani yenye muhuri wa mhandisi. "Mimi najenga nilichochorewa. Imeandikwa kumi, nimeweka kumi."

Mhandisi alikuwa kijana mpole, mwenye wino vidoleni. "Si yangu hiyo," alisema. "Mimi niliandika kumi na sita. Kaangalieni kompyuta ya ofisi."

Siku iliyofuata wakaangalia, na hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Ramani zote za jengo la shule zilikuwa zimefutwa asubuhi ile ile, na aliyezifuta aliingia kwa neno la siri la mhandisi mwenyewe. Lilisalia faili moja tu, la ngazi. Ndani yake iliandikwa kumi na sita.

Mwenye ofisi, mume wa dada yake mhandisi, aliwapokea ghorofani. Alikuwa mzee wa heshima, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyefiwa.

"Kijana huyu nimemlea mimi, afande. Inaniuma kusema, lakini mtu amekufa. Baada ya msiba aliirekebisha hiyo moja, akazifuta zile za kweli. Ameiacha makusudi ili muione nyinyi."

Maneno yalikaa sawasawa. Inspekta aliamuru mhandisi awekwe mahabusu, na kesho yake asomewe shtaka la kuua bila kukusudia.

Hata hivyo, alimhoji mara nyingine.

"Nani mwingine analijua neno lako la siri?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Ila shemeji. Aliniomba jana, mlinzi alipofariki. Alisema atanitafutia ushahidi wa kunisafisha."

"Ukampa?"

Kijana alimtazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Afande, yule ndiye aliyenifundisha kushika penseli. Nimpe nani kama si yeye?"

Inspekta alitoka nje ya chumba cha mahojiano. Sajini, aliyekuwa hodari wa kompyuta, alimpigia simu kutoka kule ofisini.

"Afande, hili faili halikuachwa. Lilikataa."

"Lilikataaje?"

"Mtu amejaribu kulifuta tena na tena. Kila mara anajibiwa kuwa haliwezi kufutwa, linatumika katika kompyuta nyingine. Na hiyo nyingine imo humu humu."

Inspekta alirudi ofisini, akamkuta Sajini katika chumba cha wachoraji, ghorofa ya chini. Meza ya pembeni haikuwa na mtu, na skrini yake ilikuwa nyeusi. Lakini Sajini alipoinama, alilisikia sanduku la kompyuta likinguruma chini ya meza. Alibonyeza kitufe cha skrini. Ngazi ya shule ikatokea mbele yao, kama mtu aliyekuwa amekaa gizani akingoja kuulizwa.

Mwenye meza aliitwa kutoka nyumbani alikokuwa akimuuguza mwanawe.

"Bibie, kwa nini huzimi kompyuta yako?"

"Ah, afande, ramani kubwa hizi, mpaka zifunguke unaweza kwenda kuolewa na kuachika. Huwa nazima skrini tu, najiendea. Wote humu ndivyo tulivyo."

"Hii uliifungua lini?"

"Kabla mwanangu hajaugua. Marehemu mlinzi alikuwa mzima, Mungu amrehemu."

"Tangu hapo, mtu mwingine angeweza kubadilisha tarakimu zilizomo?"

"Thubutu. Ikishikwa na mmoja, wengine ni kuitazama tu. Haibadiliki, haifutiki."

"Basi mkikwama mnafanyaje?"

Mchoraji alicheka kidogo. "Tunapiga kelele chumba kizima, 'Nani ameshika?' Aliyeshika anaachia. Asipokuwepo, tunaifunga wenyewe mezani kwake."

"Mhandisi anaujua utaratibu huo?"

"Huyo? Ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote."

"Na mwenye ofisi?"

"Mzee yuko juu huko. Humu huingia kutusalimu tu."

Inspekta aliagiza mhandisi aletwe, na mzee ateremke. Mzee aliingia akitabasamu kwa huzuni, akajongea kumshika kijana mkono. Sajini akasimama katikati yao.

"Keti, mzee," alisema Inspekta. "Nina swali moja. Asubuhi kompyuta ilipokukatalia, kwa nini hukuuliza nani ameshika?"

"Nani ameshika nini?"

Kijana alifumba macho. Hakuna aliyemweleza lolote, na hakuhitaji kuelezwa.

Inspekta alisema polepole. "Faili hili limeshikwa tangu mlinzi yu hai. Kijana asingeweza kulirekebisha baada ya msiba. Na angetaka kulifuta, angefika kwenye meza hii na kulifunga. Aliyejaribu kulifuta hakijui chumba hiki, lakini alikuwa na neno la siri. Na neno hilo alipewa mtu mmoja tu."

Mzee alitazama skrini, akaitazama milango, kisha mabega yake yakashuka.

"Wenye shule walinung'unika," alisema. "Jengo linakula chuma kingi, wataipa kazi ofisi nyingine. Nikapunguza nondo, nikagonga muhuri wake. Nilidhani zege lingebeba."

"Mtu akafa. Kwa nini umtwike huyu?"

"Yeye ni kijana. Angefungwa, angetoka, angeanza upya. Mimi ningeanzia wapi kwa umri huu?" Akamgeukia mhandisi, na sauti yake ikawa ya kubembeleza. "Nilijua utanivumilia. Wewe ni mwanangu."

"Nilipokupa neno la siri," alisema kijana, "ulinishika bega ukaniambia niende nikalale."

"Nilikwambia."

"Ulikuwa umeshakusudia?"

Mzee aliinamisha uso.

"Nami nikaenda nikalala, shemeji. Nililala usingizi mzito."

Sajini alitoa pingu. Mzee alinyoosha mikono bila ubishi, akanong'ona, "Dada yako asijue. Mwambie nimesafiri."

"Maisha yangu yote nimemhadithia dada wema wako. Hili mhadithie mwenyewe."

Inspekta alifikiri kidogo, kisha akamwashiria Sajini angoje na pingu zake. Akaiweka simu ya mzee mezani mbele yake, spika ikiwa wazi. Mzee alibonyeza namba, na simu ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

"Mume wangu," sauti ya mwanamke ilisikika chumba kizima, "umeshamtoa mdogo wangu?"