Aliyekuwa Ndani ya Shela

Vituko alikutwa chini ya jukwaa, amelala chali ndani ya gauni la harusi, shela imemfunika uso, shingo imepinda vibaya. Juu yake kilango cha sakafuni kilining'inia wazi.

Inspekta, mwanamama mtulivu asiyependa kuharakishwa, alichutama akafunua shela. Ndevu zilikuwa zimeanza kuchomoza chini ya poda.

"Ni mchekeshaji wetu, afande," alisema fundi wa jukwaa. "Lakini gauni ni la mwimbaji."

Mwimbaji alisimama pembeni, kavaa suti ya kiume na masharubu ya bandia yaliyolowa machozi. Katika mchezo wao wa nyimbo na vichekesho, bwana na bibi harusi hubadilishana mavazi mpaka wageni hawajui nani ni nani. Wimbo wa mwisho, siku zote, yeye ndiye huingia na shela.

"Leo Vituko aliniganda," alisema. "Eti, 'Dada, na mimi niolewe japo kwenye mazoezi.' Tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi. Nikampa gauni."

"Komeo la kilango?"

"Nililikagua mwenyewe," fundi aliingilia. "Lilikuwa linalia, nikalipaka grisi kabla tu hatujaanza. Afande, mimi nilikuwa kwenye swichi za taa. Wote waliniona."

Kumbe kabla ya wimbo ule taa huzimwa kidogo. Aliyechomoa komeo alipita gizani, akaingia kwa mlango mdogo wa chini.

Macho ya wengi yalimwangukia msichana wa akiba, aliyekuwa akiitamani nafasi ya mwimbaji waziwazi.

"Naitaka, sikatai," alisema. "Lakini mimi ndiye niliyemfunga Vituko vifungo vya gauni! Nilijua ni yeye. Ningemtega dada kwa kumuua Vituko?"

Ukumbi mtupu ulikuwa baridi, na kila ubao ulipolia watu waligutuka.

"Alipoanguka, mlipiga kelele gani?"

"Vituko!" walijibu karibu kwa pamoja.

"Wote?"

Msichana wa akiba alisita. "Shemeji alisema, 'Mke wangu.'"

Mpiga kinanda, mume wa mwimbaji, aliinua kichwa. "Ningejuaje? Nilichelewa, nikaja moja kwa moja kwenye kinanda. Kosa langu ni lipi?"

"Kutojua si kosa," Inspekta alisema, akimsogelea. Mlango mdogo wa chini ya jukwaa ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti chake. "Ulipiga mwanzo wa wimbo taa ziliporudi?"

"Ndiyo."

"Hujakigusa tena?"

"Ningepigaje muziki mtu amekufa?"

Inspekta alifunua kifuniko cha kinanda. Juu ya vibao vyeupe, alama za vidole zilikuwa nyeusi kwa grisi.

Mume alitazama mikono yake, aliyokwisha kuifuta vizuri, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Alikuwa anaondoka," alisema. "Amepata kundi jingine, ng'ambo. Aliniambia jana, mezani, kama mtu anayeomba chumvi. Nyimbo zote hizi nilimtungia yeye. Nilitaka aimbie hapa, au asiimbe kabisa."

Mwimbaji alimkaribia polepole.

"Miaka yote umenipigia kinanda," alisema. "Amepita mbele yako mwanamume mzima, kifua kile, mwendo ule wa bata, ukaona ni mimi?"

Mume alinyoosha mikono mbele.

Inspekta alimfunga pingu. Walipokuwa wakitoka, aligeuka kumtafuta mwimbaji, akamwona ameshashuka chini ya jukwaa. Alikuwa amepiga magoti kando ya Vituko, akimnyooshea gauni taratibu, akimwomba radhi kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia.