Vidole vya Benie

Kila asubuhi, kabla ya shule, Benie aliteka maji kwenye pompi ya mtaa wao, Mangobo. Zamani walikwenda wawili, yeye na binamu yake Rosine, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyetoka Yanonge kuja kusoma. Lakini Rosine alipozimia shuleni, Mama Julie, mama yake Benie, alimkataza kubeba bidoni, yaani madumu ya maji. Sasa Benie alibeba peke yake, na chuki ikamjaa.

Muuguzi Françoise wa kituo cha afya aliwaletea kibao kidogo cha kupima moyo, cha kushika kwa vidole. Kiliunganishwa na simu yenye programu iliyofundishwa kwa mapigo ya maelfu ya mioyo, hata ikaweza kutambua moyo unaopiga ovyo. Rosine alitakiwa akishike asubuhi na jioni kwa siku tatu. Kazi ya kumpima alipewa Benie, kwa kuwa alijua kutumia simu.

"Ikisema uko mgonjwa, watakurudisha Yanonge. Hutasoma tena," Benie alimwambia. "Nitashika mimi. Wewe nyamaza."

Rosine akamwachia kibao, na kwa siku zote tatu Benie akakishika mwenyewe.

Siku ya nne jibu likaja: moyo hauna tatizo. Mama Julie akamtazama Rosine kwa dharau.

"Kumbe ni uvivu tu. Kesho utabeba mbili."

Asubuhi, hatua chache kutoka pompi, Rosine alisimama akashika kifua.

"Ya Benie," alimwita kwa heshima ya mkubwa wake, "ningoje kidogo."

"Tembea, mvivu wewe."

Rosine akaanguka kifudifudi matopeni. Watoto kwenye foleni wakacheka, na Benie pia. Alipomgeuza, aliona midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Akambeba mgongoni mbio hadi kituo cha afya, na pale mlangoni akakiri yote.

Françoise alimpokea Rosine, akamlaza kitandani. Alivifuta matope vidole vya Rosine, akaviweka kwenye kibao. Simu ikatoa onyo papo hapo. Daktari alithibitisha, akaanza matibabu.

Baada ya wiki mbili Rosine alirudi nyumbani na vidonge vyake. Shule hakuachishwa. Lakini mkeka wake wa kulalia aliuhamishia chumba kingine, asilale tena na Benie.

"Nimemwomba msamaha, mama," Benie alimwambia Françoise huku akilia. "Hasemi nami."

"Usimlazimishe," Françoise alijibu. "Ile mashine haijui ila kile tunachoipa. Wewe uliipa uongo, nasi watu wazima tukauamini. Uongo mwingine huishia kwenye aibu, mwanangu. Wako nusura uishie kaburini. Rosine amepona, lakini hilo halikufutii deni. Mwache akuamini tena siku atakayotaka yeye, na mpaka siku hiyo, sema kweli."