Swali Moja Kabla ya Sindano

Fundi makochi alikuwa amelala tena juu ya kochi la mteja. Nyundo ilikuwa mkononi, misumari midogo ameibana kwa midomo. Mkewe aliacha cherehani, akaitoa misumari mmoja mmoja, taratibu.

"Baba Kidosho, utakuja kuimeza!"

Fundi alishtuka. "Sikulala. Nilikuwa napima kama kochi ni laini."

"Na kukoroma je, ndiyo futi yenyewe?"

Walicheka. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kwa miezi mingi fundi alikuwa akiamka amechoka. Hata hamu ya unyumba ilikuwa imepungua. Binti yao, Kidosho, alikuwa na miaka saba, na bado hakuwa na mdogo. Wote wawili walimtamani sana mtoto wa pili.

"Leo mambo yanaisha!" fundi alisema, macho yakimng'aa. "Nimepata kliniki karibu na stendi. Wanachoma sindano ya testosteroni. Unaingia umechoka, unatoka simba!"

"Kweli? Lini?"

"Leo hii, saa nane!"

Mke alianza kufunga madirisha ya karakana kwa furaha. Hapo jirani yao, ambaye ni muuguzi, akapita.

"Mbona mbio hivyo? Kwema?"

"Kwema sana, dada," mke alijibu. "Shemeji yako anakwenda kuongezwa testosteroni."

"Vizuri. Vipimo vya damu vilionyesha iko chini?"

Fundi alikuna kichwa. "Vipimo gani? Yule wa mapokezi alinitazama usoni tu. Akasema, 'Mzee, wewe imekwisha.'"

Muuguzi alicheka mpaka akashika mlango. "Shemeji, haipimwi usoni hiyo! Testosteroni ni homoni. Mwili wa mwanamume huitengeneza wenyewe. Hupimwa kwenye damu, asubuhi, kabla hujala. Ikiwa chini, hupimwa tena siku nyingine, kisha chanzo kinatafutwa. Kliniki nzuri huuliza kwanza, huchoma baadaye. Hospitalini kwetu yupo daktari wa homoni. Nendeni kesho asubuhi."

"Kesho tena? Nilishajiona simba."

"Hata simba huvizia kwanza," mkewe alisema.

Walikwenda. Damu ilipimwa, na siku nyingine ikapimwa tena. Kweli, testosteroni ilikuwa chini. Daktari, mama mwenye sauti ya upole, alimuuliza fundi kuhusu usingizi, maradhi na dawa anazotumia. Kisha akawatazama wote wawili.

"Mnataka mtoto mwingine?"

"Sana!" walijibu kwa pamoja.

"Basi sindano ile isingewafaa sasa. Testosteroni ikiingizwa kutoka nje, mwili hudhani ipo ya kutosha. Korodani hupumzika. Mbegu za kiume hupungua, pengine hukatika kabisa. Kurudi kwake huweza kuchukua muda mrefu."

Mke aliushika mkono wa mumewe kwa nguvu. "Tungejifungia mlango wenyewe!"

"Si dawa mbaya," daktari alisema. "Huwasaidia wanaume wengi, wakipimwa na kufuatiliwa. Lakini wewe tutakupa kwanza dawa ya kuuamsha mwili utengeneze testosteroni yake. Utarudi tupime damu na mbegu."

Fundi alimeza dawa kama alivyoelekezwa, na kila alipoitwa alirudi kupimwa. Nguvu zilirudi polepole. Alianza kupiga mluzi kazini. Jioni alikimbizana na Kidosho uani, na mara nyingine alimshinda.

Asubuhi moja mke alitoka bafuni ameshika kipimo cha mimba.

"Mistari mingapi?" fundi aliuliza.

"Miwili."

"Miwili ndiyo nini? Ni nzuri? Sema, mama!"

"Baba Kidosho, ni mtoto!"

Fundi alitoka mbio peku mpaka kwa jirani, akagonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Dada! Dada muuguzi! Tumepata! Tumepata!"

Dirisha lilifunguka. Muuguzi alikuwa na mswaki mdomoni, naye akicheka.

"Nimesikia, shemeji. Mtaa mzima umesikia. Hongereni sana! Sasa vaa viatu, umpeleke mkeo kliniki ya wajawazito."