Boroni ya Saa Sita Mchana

"Sindano, usimguse. Subiri kibali," mkuu wake alisema redioni.

Siku ya tatu sasa, neno ni lile lile. Subiri.

Sindano aliuma meno. Alikuwa amelala kifudifudi chini ya miti ya makadamia ya shangazi yake, darubini machoni, bastola aina ya Bereta kiunoni. Juu yake vishada vya maua vilining'inia kama shanga. Vinachanua mara moja kwa mwaka. Shangazi huvipulizia mbolea ya boroni kiduchu, kijiko kwa tangi, ili chavua ishike na ua lizae. Ikizidi, ua linaungua. Msimu umekwenda, na wageni wanaolinyemelea shamba watalipata kwa bei ya kutupa.

"Mkuu, yule fundi wa kupuliza anaunganisha mpira kwenye tangi la trekta."

"Karatasi zake ni safi. Au unatumia kazi ya serikali kumtetea shangazi yako?"

"Mkuu, ni saa sita mchana."

"Kwa hiyo?"

"Nyuki wako mauani. Hata mpulizaji mlevi hupuliza alfajiri, dawa ikauke kabla nyuki hawajatoka. Huyu si fundi."

Redio ilikwaruza.

"Ngoja nimuulize mkubwa."

Mpira ukatema. Mti wa kwanza ukalowa.

Sindano alichomoka mbio.

Yule fundi bandia aligeuka, mkono ukazama ndani ya ovaroli na kutoka na bastola. Sindano alifyatua risasi moja tu.

Haikumlenga mtu. Ilikata mpira.

Mpira uliokatika ukaruka kama nyoka na kumtandika fundi usoni kwa dawa yake mwenyewe. Bastola ikamdondoka. Akapiga magoti, akifikicha macho.

"Maji, dada. Nakufa."

Sindano aliikanyaga ile bastola, akamsogezea redio mdomoni.

"Kwa kijiko kimoja tu cha boroni? Karatasi zako zinasema hivyo."

"Kijiko gani? Ni magunia mawili. Wageni wamenituma. Niletee maji."

"Umesikia, mkuu?"

Mkuu alikohoa. "Kibali kimetoka."

"Asante kwa kuharakisha."

Shangazi alifika na ndoo, akammwagia fundi kichwani bila huruma. Kisha akautazama mti uliolowa. Maua yake yalikuwa yameanza kunywea.

"Huu niliupanda na mama yako," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasubiri, shangazi."

Sindano alimfunga fundi pingu kwenye usukani wa trekta, akachomoa betri ya redio na kuitia mfukoni. Akaondoka taratibu kati ya mistari, akiinamisha kichwa kuwapisha nyuki.

Hao hawakuwa wamesubiri kibali cha mtu.