Mguu wa Kushoto

Mara ya kwanza Verlon Stuckey alidhani ni friji. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua la Texas bado kali dirishani, Nadine mkewe akikaanga bamia, uliposikika mlio mfupi chini ya meza: kach, kama chuma cha mkanda kinachoingia tunduni. Verlon aliinama akachungulia. Hakuona kitu. Alisikia harufu ya spiriti ya hospitali tu, na kifundo cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na alama nyekundu ya mkanda.

Verlon alikuwa askari jela mstaafu. Kwa miaka kumi na minane alikuwa miongoni mwa watano waliowafunga waliohukumiwa kifo kwenye kitanda cha sindano ya sumu, kila mara saa kumi na mbili jioni. Baba yake alitumikia enzi za kiti cha umeme, na kabla ya hapo kulikuwa na kitanzi. Kikosini kila mtu alikuwa na kiungo chake cha kufunga, na cha Verlon kilikuwa mguu wa kushoto. Usiku alilala fofofo, maana alijiambia hakuna aliyewahi kufa kwa kufungwa mguu. Uongo mtamu huo, na aliunywa miaka yote.

Wiki ya pili mlio ulikuja na sauti.

"Bosi," ilisema kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua, "mkanda unanibana."

Bosi ndivyo wafungwa walivyowaita askari. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Verlon aliijua sauti hiyo. Miaka tisa nyuma mfungwa Orrin Tackett, akiwa kwenye kitanda hicho, alimwomba alegeze tundu moja tu. Alimjibu "sasa hivi," kisha akatoka na wenzake, kwa kuwa kikosi kilijivunia kumaliza kufunga kwa dakika moja.

Yaliyompata yeye mwenyewe angeyavumilia. Lakini Ijumaa, walipokuwa wamempakia mjukuu wao Marlee, wa miaka mitatu, kwenye kiti chake cha gari, saa kumi na mbili ikagonga, na ile harufu ikajaa garini, na mkanda ukaanza kujivuta wenyewe, ukashuka ukajizungusha kwenye kifundo cha mguu wa kushoto wa Marlee, ukakaza, ukakaza tena, na mtoto hakulia, alimkazia babu yake macho tu.

"Bosi," alinong'ona, "unanibana."

Nadine aliukata mkanda kwa mkasi. Kesho yake alimburuta mumewe hadi kwa Doña Eufemia, mganga wa Kimeksiko aliyeishi nyuma ya duka la matairi. Mama huyo alimpitishia yai mwili mzima, akalipasua kwenye glasi. Kiini kilikuwa cheusi.

"Marehemu huyu hana hasira," alisema. "Anadai ahadi. Ulimwambia nini?"

"Sasa hivi."

"Basi kamfungulie, baba. Ukichelewa atarudi kwa mtoto."

Jioni hiyo Verlon alipiga magoti kwenye makaburi ya gereza, mbele ya msalaba wa Orrin, upande wa mguu wa kushoto. Alinyoosha mikono, akafungua hewani mkanda usiokuwepo.

Kach. Mtu akashusha pumzi.

"Asante, bosi."

Verlon alilia kwa sauti, bila aibu. Harufu ilikuwa imetoweka. Alikuwa anapangusa machozi aliposikia kach nyingine kutoka kaburi la pili.

"Bosi, na mimi."

Kisha la tatu, kisha safu nzima, sauti za upole zikipokezana, nao aliowafunga walikuwa sitini na wanne, na hapa hawakulala hata nusu yao, maana wengine walichukuliwa na ndugu zao wakazikwa mbali, naye hakuwahi kuuliza wapi. Alitambaa kwa magoti kutoka msalaba hadi msalaba, akifungua, akifungua, mpaka simu ikaita mfukoni.

"Verlon," Nadine alinong'ona, "mguu wa mtoto umeanza kuwa mweusi. Anawataja watu kwa majina, na baada ya kila jina anasema, 'Bosi, na mimi.'"