Kiatu Juu ya Boriti

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Lakini wahenga hawakuwahi kukanyaga Lusail, kule Qatar, wala hawakuwahi kufagia nyumba ya mbao ya Bwana Khalifa, ambamo moshi ulifuka mchana kutwa na moto haukuwepo.

Gakii ndiye aliyeunusa kwanza. Alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu ya mawe, huku nje jua la Agosti likichoma hata vivuli. Akainua pua. Haikuwa harufu ya udi wala ya nyama ya jirani. Ilikuwa ya kuni mbichi, kama jikoni kwa nyanya yake kule Meru. Akatazama meko yaliyokuwa katikati ya ukumbi. Mawe yake yalikuwa safi, tena ya baridi. Hakuna aliyewahi kuwasha kitu pale tangu nyumba iletwe.

Iletwe, ndiyo, maana haikujengwa Qatar. Bwana Khalifa aliinunua Uingereza, nyumba ya mwenye mashamba mmoja wa miaka mia sita iliyopita, akaifumua boriti moja moja, akaisafirisha kwa meli na kuisimamisha upya nyuma ya jumba lake iwe majlis ya wageni. Nguzo zake zilikuwa za mwaloni, zimepinda kama zilivyopinda msituni, zimeshikana kwa vigingi vya mbao bila msumari hata mmoja. Ghorofa ya juu ilichomoza mbele kuliko ya chini, ikiinamia njia kama mtu anayesikiliza umbea. Ukumbi haukuwa na dari. Ukiinua macho uliona paa hadi kileleni, nyeusi tititi kwa masizi, kwa kuwa enzi hizo moto uliwashwa katikati ya nyumba na moshi ukajitafutia tundu la kutokea.

"Na kuta ni fito na udongo!" Gakii alisema siku ya kwanza, akigonga kati ya nguzo mbili. "Kumbe ni nyumba ya nyanya!"

"Ya nyanya yako haijapanda meli," Hadijah alimjibu. "Fagia, mrembo."

Hadijah alikuwa mpishi, mwanamke wa Mumias, mtu wa swala tano na mdomo usiolala. Gakii alikuwa mlezi wa Nura, binti wa miaka minne wa Bwana Khalifa. Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, na baadaye akaja Doha akiwa bado na viatu vyake vyeusi vya shule, ndivyo alivyofanyia kazi. Nura alijifunza kutembea akishika vidole vya Gakii. Neno lake la kwanza lilikuwa "Gaki". Madam, mama yake Nura, alilicheka neno hilo, ingawa hakulicheka kwa moyo wote.

Sasa, moshi ule ulianza baada ya usafi mkubwa. Wageni walikuwa wanakuja, na Hadijah akapanda ngazi kupangusa boriti kuu iliyokatiza juu ya meko. Huko juu akashtuka.

"Astaghfirullah! Njoo uone."

Kilikuwa kiatu cha mtoto, cha ngozi iliyokauka kama samaki, cha mguu wa kushoto. Kililala kifudifudi, soli ikitazama mbinguni.

"Nani huyu anamwonyesha Mungu nyayo?" Hadijah alinung'unika. Kwao, kiatu kikipinduka hukipiti, hata kiwe cha adui yako. Unakigeuza. Basi akakigeuza. Akakigonga mara mbili kwenye boriti kutoa vumbi, na vumbi likamwagika, jivu laini la kijivu, likaanguka, likaanguka, na Gakii aliyekuwa chini akikinga macho hakuliona likifika sakafuni.

Kiatu kilitupwa pamoja na takataka. Kesho yake ukaja moshi.

Kisha zikaja sauti. Saa za mchana, wenye nyumba wakiwa wamelala na joto limefunga kila mlango, vigingi vya mbao vilianza kulia kimoja kimoja, kama mtu anayevunja vidole vyake. Halafu juu, kwenye chumba kilichochomoza, kitu kikaruka. Tu. Kikanyamaza. Tu. Mguu mmoja.

"Ni mbao tu, zinakauka," alisema Kiprono, mlinzi wa getini. "Huku hata mimi nakauka."

Lakini mbao hazikanyagi. Asubuhi moja Gakii alikuta nyayo za masizi sakafuni, ndogo, zote za kushoto, zimetoka mekoni kuelekea mlango wa jumba kubwa. Akazifuta kabla madam hajaona. Jioni hiyo akamkuta Nura anaruka kwa mguu mmoja kwenye zulia.

"Unacheza nini, mpenzi?"

"Nacheza na yule wa juu. Ana mguu mmoja tu, Gaki." Nura akacheka. "Anataka wangu, avae kiatu."

Gakii akamvua soksi. Mguu wa kushoto ulikuwa mweusi hadi kifundoni, na baridi kama kitu kilichotolewa kwenye friza. Akausugua kwa sabuni mpaka maji yakawa wino. Alfajiri masizi yalikuwa yamerudi, yamepanda hadi nusu ya muundi.

Madam aliuona mguu ule akapiga kelele. "Unamwacha achezee mekoni! Nikulipie nini?"

"Madam, wallahi hajaingia mle."

"Khalas! Usiape."

Daktari alisema damu inazunguka vizuri. Lakini Nura alikuwa ameacha kukanyaga kwa mguu ule. Aliuburuta nyuma yake kama wa mtu mwingine, na kila siku weusi ulipanda kidogo. Hatimaye madam mwenyewe, macho yamevimba, akaita sheikh wa Kisudani asomaye ruqya, kisomo cha kufukuza majini.

Sheikh alisoma tangu alasiri. Sauti yake ilikuwa nzuri, ikapanda hadi kwenye masizi, na nyumba ikatulia. Hadijah akalia kwa shukrani. Kisha vigingi vyote, juu na chini, vikalia kwa pamoja, mara moja, na sheikh akafunga msahafu taratibu.

"Kimenyamaza," alimwambia Hadijah akiwa anavaa viatu. "Lakini kilikuwa na pahali pake, mkakitoa. Mlipaweka wapi pahali pake?"

"Ni mimi," Hadijah alimnong'onezea Gakii jikoni. "Kile kiatu. Ni mimi, mdogo wangu."

Wakamfuata Kiprono, aliyekuwapo nyumba ikisimamishwa. Alisikiliza, akavua kofia.

"Yule fundi Mzungu aliyesimamisha nyumba alikirudisha kile kiatu palepale kwa mkono wake," alisema kwa sauti ya chini. "Akaniambia kwao kuna vitu hushuka na moshi kutafuta mtoto. Kikiona kiatu kilichokwisha kushika umbo la mguu, kinaingia kikidhani ndiye mtoto. Soli ikiwa juu hakiwezi kugeuka kitoke. Nilimcheka."

"Na hukutuambia?"

"Gakii, ningeanzia wapi? Eti usiguse kiatu?"

Takataka zilikuwa zimechukuliwa zamani. Na jua lilikuwa linazama, na kutoka jumba kubwa Nura akaanza kulia, si kilio cha mtoto anayetaka kitu bali cha mtoto anayevutwa.

Gakii akavua kiatu chake cha kushoto. Ngozi yake ilikuwa imekunjika pale alipokunja vidole kwa miaka yote aliyotembea kwenda shule na kurudi. Hakuna kitu duniani kilichoujua mguu wake kama kile.

"Nyayo juu tena?" Hadijah akamshika mkono. "Gakii, usithubutu. Na usijitoe wewe."

"Dada, yeye ana miaka minne."

Akaingia peke yake, na adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, misikiti yote ya Lusail ikipokezana, na moshi ukumbini ulikuwa mzito hata akaikuta ngazi kwa kupapasa, akapanda huku macho yanamchoma na kile cha mguu mmoja kikiruka juu yake kutoka ubao hadi ubao, tu, tu, kikimfuata kila alipoweka mkono, mpaka akaifikia boriti na kukilaza kiatu chake kifudifudi, soli juu, akisema Mungu nisamehe, Mungu nisamehe, na kuruka kule kukakoma sikioni mwake, kitu kikanusa kama mbwa anavyonusa, kwa kirefu, na kiatu kikasogea kidogo chini ya kiganja chake, kikawa kizito.

Moshi ukaisha. Aliposhuka alimsikia Nura anacheka.

Weusi haukurudi tena. Nura akakimbia, wageni wakaja, wakaisifu nyumba. Gakii alipewa viatu vipya, na mguu wake wa kushoto ukawa wa baridi kidogo, basi, kitu cha kuvumilia. Akahesabu miezi. Mama yake alikuwa mgonjwa na mkataba ulikuwa unakwisha.

Siku ya safari Kiprono alipakia begi lake garini. Hadijah alimkumbatia mpaka wakapungukiwa pumzi. Gakii akambusu Nura, akatembea hadi getini, akavusha mguu wa kulia.

Wa kushoto haukuja.

Akauvuta. Akaushika pajani kwa mikono miwili akauvuta. Mguu ulisimama ndani ya geti kama nguzo iliyopigiliwa kigingi.

"Kiprono," alisema polepole. "Nisaidie."

Kiprono akamshika mabega, akavuta, akaona uso wake, akaacha. Hadijah alikwishakaa chini, kichwa mikononi.

"Nilijua!" Madam alitoka mlangoni akipiga makofi, machozi ya furaha yakimtoka. "Nilimwambia Khalifa, huyu hawezi kumwacha Nura! Yalla, rudisheni begi ndani."

Nura akaja mbio akamkumbatia miguu yote miwili, kisha akauachia wa kushoto upesi, akafuta mikono kwenye gauni lake. Gauni likabaki na alama nyeusi.

Gakii hakulia. Alikuwa anasikiliza. Kule nyuma, ndani ya ukumbi usio na mtu, kiatu cha shule kilikwaruza boriti, na ndani ya kiatu chake kipya akahisi vidole vingine, vidogo, vikijipenyeza kando ya vyake.